Bure Yenye Somo: Gari la Sinema katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Filamu ya Hugo, aliyoiongoza Martin Scorsese mwaka 2011, ni kisa cha mvulana yatima anayeishi kwa siri katika stesheni ya treni ya Montparnasse jijini Paris. Kazi yake ni kuzitia ufunguo saa za stesheni, na katika mahangaiko yake anagundua kwamba mzee mkali anayeuza vitu vya watoto kibandani ni Georges Méliès, mmoja wa waasisi wa sinema duniani, aliyesahauliwa angali hai. Ni filamu ya watoto na wazazi wao, na ni filamu inayoipenda sinema ya kale kwa dhati. Kuionyesha bure katika uwanja wa wazi Malindi au Kilifi, watoto wamekaa mchangani mbele na wakubwa wamesimama nyuma, laweza kuonekana jambo dogo la kupitisha jioni. Mimi naliona kubwa. Sinema ya bure ina historia yake katika pwani hii, na historia hiyo ina kasoro moja iliyodumu: tangu miaka ya 1930 burudani ya picha imekuwa ya wenye nauli na kiingilio, na wasio navyo wamepelekewa masomo. Aliyelipa aliburudishwa, asiyelipa alifundishwa. Tukiutazama vizuri ushahidi uliotumiwa kuuhalalisha mgawanyo huo, tunakuta haukusimama tangu mwanzo.

Mkondo wa kwanza, ule wa kulipa, unajulikana zaidi. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, la mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali mjini humo. Mombasa nayo ikaja kuwa na majumba yake, Regal na Naaz yakiwemo, na humo watu waliona filamu za Kihindi, za Kimisri na za Marekani kwa mapenzi ambayo wazee wa mjini bado wanayasimulia. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilivuma pwani nzima hata kwa wasiojua neno la Kihindi. Lakini raha hiyo ilikuwa ya mjini, na huku upande wa Kenya ilikuwa na mipaka mingine: katika enzi ya ukoloni wakaguzi wa filamu waliweza kuiruhusu picha kwa Wazungu na Waasia na kuikataza kwa Waafrika, ikawa ngozi ya mtu ndiyo inayoamua atazame nini.

Kaskazini ya Mombasa hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ya maji. Kutoka kisiwani kwenda Malindi mtu alipitia daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya, lililofunguliwa 1931. Akafika Mtwapa, ambako kivuko kilivutwa kwa minyororo na wanaume walioimba wakivuta. Kisha akakuta mkono mwingine wa bahari Kilifi, ambako watu na magari waliendelea kusubiri feri mpaka daraja lilipojengwa mwaka 1991. Kwa mkulima wa Ganze au mvuvi wa Mambrui, kwenda kutazama picha Mombasa na kurudi ilikuwa safari ya kupangwa. Kwa hiyo mashambani picha ilimfuata mtu alipo, ndani ya gari lenye jenereta, projekta, kipaza sauti na kitambaa cheupe. Na mwenye gari hakuwa mfanyabiashara anayetafuta kiingilio. Alikuwa serikali, au misheni, au baadaye kampuni yenye bidhaa ya kuuza. Hapo ndipo bure ilipopata bei yake.

Asili ya gari hilo inasema mengi. Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyesimamia mashamba makubwa Afrika Mashariki, aliwaza katika miaka ya 1920 kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua watulie na waridhike na kazi. Wazo lenyewe lilikuwa la mwajiri. Lilipokua likawa Mradi wa Elimu ya Sinema kwa Wabantu, ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na usimamizi wa baraza la kimataifa la wamisionari, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, upande wa Tanganyika. Mradi ulitengeneza filamu zipatazo 35, zikapelekwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Kwa kuwa kuchapa sauti juu ya utepe kulikuwa na gharama, filamu zilipigwa bila sauti na maneno yakawekwa kwenye sahani za gramafoni kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Mada zake zatosha kueleza nia: minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, benki ya akiba ya posta, uuzaji wa mahindi, mafunzo ya utabibu wa mifugo. Hakuna safari ya mwezini kama ile ya Méliès humo.

Sisemi masomo hayo yalikuwa ya bure kwa maana ya kutofaa kitu. Safura ilimaliza nguvu za watu wengi wa pwani, na anayemwonyesha mtu jinsi minyoo inavyopenya unyayoni anafanya kazi ya heshima. Hoja yangu iko kwingine. Walioendesha sinema hizi walitoka kwenye swali la nini kinafaa, wakahamia kwenye swali la watu gani wanaweza kuelewa nini, na jibu walilolitoa likamfunga mtazamaji wa shamba kwa miaka mingi. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni ili kueleza vita kwa raia wake wa ng'ambo, na kiongozi wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha picha kwa gari huko. Mwaka 1941 Sellers alichapisha makala ya kuelekeza namna ya kuwatengenezea filamu watu aliowaita washamba wa fikra. Kanuni zake zilikuwa wazi: picha iende polepole, isikatwe kutoka mahali hadi mahali bila kuonyesha mtu akitembea njia nzima, isiwe na ujanja wowote wa kamera, kitu kutoweka ghafla au kidogo kuwa kikubwa. Mtazamaji wa Kiafrika, kwa hoja hiyo, angechanganyikiwa, au angedhani mbu aliyekuzwa kwenye kitambaa ni mbu wa kweli mwenye ukubwa huo.

Zingatia kilichokatazwa. Kitu kutoweka, kichwa kukua, mtu kugeuka moshi: hayo ndiyo yaliyomfanya Méliès kuwa Méliès. Alizaliwa 1861, akawa mtu wa mazingaombwe mwenye ukumbi wake Paris, na alipoona picha za ndugu Lumière alielewa mara moja kwamba kamera ni chombo cha kiinimacho. Safari ya Mwezini, aliyoitoa 1902, imejaa ujanja ambao miaka arobaini baadaye Sellers alitaka usionyeshwe kwa mkulima wa Afrika. Kwa maneno mengine, sinema ya mwanzo kabisa, ambayo Ulaya ilitazamwa na watoto na wafanyakazi katika maonyesho ya gulioni, ilihesabiwa kuwa nzito mno kwa mtu mzima wa Kaloleni, huku Kilifi.

Dai hilo la mtazamaji asiyetofautisha picha na ukweli lina pacha wake Ulaya, na ni jambo la kusikitisha kwamba Hugo yenyewe inamrudia pacha huyo. Katika filamu tunaonyeshwa watazamaji wa kwanza wa Paris wakijikunyata na kupiga kelele treni ya ndugu Lumière inapowajia. Ni tukio zuri kulitazama, ila wanahistoria wa sinema wamelichunguza na kuliona limesimama juu ya hekaya. Onyesho la kwanza la kulipia lilifanyika tarehe 28 Desemba 1895 katika Grand Café, na picha ya treni haikuwa katika orodha ya usiku ule. Ilionyeshwa mwanzoni mwa 1896. Martin Loiperdinger, aliyetafuta ushahidi wa taharuki hiyo, hakuupata katika magazeti wala taarifa za polisi za wakati ule. Tom Gunning naye ameeleza kwamba watu wa Paris walikuwa wamezoea michezo ya kiinimacho. Walikwenda wakijua wanadanganywa, na raha yao ilikuwa kuona udanganyifu umefanywa vizuri. Ikiwa hekaya ya Paris imebomolewa kwa utafiti, haistahili kuachwa ile ya Afrika, ambayo imezaliwa na tabia hiyo hiyo ya mwenye projekta kujiona mwerevu kuliko aliyeketi mbele yake.

Na ushahidi wa kuibomoa ulikuwapo mapema. Julian Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1929, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kujaribu filamu za elimu kwa wanafunzi wa Kiafrika. Aliwaonyesha, akawaomba waandike walichokiona, akaeleza kwamba walielewa vizuri na kwa haraka. Hiyo ilikuwa miaka kumi kabla ya Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Mwaka 1952 Peter Morton-Williams alifanya uchunguzi katika vijiji vya Nigeria, na akaona kwamba kilichowatatiza watu mara nyingi si ufundi wa kamera; ni maudhui yaliyo mbali na maisha yao. Kisha kuna kisa cha kuku, ambacho John Wilson alikieleza na msomi wa mawasiliano Marshall McLuhan akakitangaza dunia nzima mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya kuondoa maji yaliyotuama, na walipoulizwa wameona nini walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kuna kuku. Walipoirudia picha kipande kwa kipande wakamkuta, amepita pembeni kwa muda wa sekunde moja. Kisa hiki kilisimuliwa ili kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma picha. Mimi nakisoma kinyume. Watu hawa waliona kilichokuwa kwenye kitambaa kuliko walioipiga filamu, na kama kuku ndiye aliyewavutia, basi aliyepwaya ni mtu aliyetengeneza somo lisilo na kingine cha kuvutia.

Msomaji anaweza kunipinga hapa kwamba Nigeria si Kilifi, na wanafunzi wa Huxley si wavuvi wa Mambrui. Ni pingamizi la haki. Hata hivyo pwani yetu inaongeza nguvu kwenye hoja, haipunguzi. Watu wa ukanda huu walikuwa na desturi ya kukusanyika usiku na kuhukumu kinachoonyeshwa mbele yao muda mrefu kabla ya gari la sinema. Beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa mashindano ya ngoma yenye magwaride, vyeo vya kubuni na nyimbo za kuumbuana. Mtazamaji asiyejua kutofautisha mchezo na ukweli angekosa ladha yote. Maulidi ya Mambrui huwakusanya wageni kutoka miji mingi. Mashairi ya kujibizana yamemfundisha msikilizaji kusaka maana iliyofichwa nyuma ya ile ya wazi. Na mazingaombwe yalikuwapo, watu wakilipa kwa furaha ili wafanyiwe kiinimacho na mtu wanayejua fika kwamba hana uwezo wa kula kisu. Jamii yenye malezi hayo ya macho na masikio haikuhitaji kukingwa na picha ya mtu anayetoweka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: karibu yote tunayoyajua kuhusu watazamaji wa gari la sinema yameandikwa na waliolileta. Ni kweli, na inatupasa kuwa waangalifu. Lakini hata nyaraka hizo zinaonyesha mtu mmoja ambaye waandishi wake hawakumpa uzito aliostahili, yaani mkalimani. Filamu nyingi zilikuwa hazina sauti, au sauti yake ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mtu alisimama na kipaza sauti akaeleza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na kikosi maalumu cha uenezi kilichozunguka nchi hizi kwa magari, na askari wa Kiafrika ndio waliokutana na umati na kusema nao. Ofisa angeweza kuandika maelezo ofisini. Uwanjani, kwa Kiswahili au Kigiriama, maneno yalikuwa ya mkalimani, na kicheko kilimjibu yeye. Jambo hilo halikuwa la Afrika peke yake. Japani ilikuwa na mabingwa wa kusimulia filamu, benshi, waliokuwa na umaarufu kuliko waigizaji, na Ufaransa ya Méliès ilikuwa na wasimulizi wake vilevile. Katika hili mtazamaji wa uwanjani Kilifi alikuwa anaitazama sinema kama ilivyotazamwa duniani katika miaka yake ya kwanza: ikiwa na sauti ya mtu hai kando yake.

Nguvu iliyokuwa katika nafasi hiyo inaonekana kwa Rashidi Mfaume Kawawa. Akiwa mtumishi wa ustawi wa jamii Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi na kitengo cha sinema cha kuzunguka, kisha akawa mwigizaji mkuu wa filamu za Kiswahili za serikali, Muhogo Mchungu ikiwa mojawapo. Ilikuwa filamu ya mtu wa shamba anayetapeliwa mjini, somo la onyo kama mengine, ila watu waliipenda kwa sababu waliona mtu wao akichekesha kwa lugha yao. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Na sauti ya mkalimani haikufa gari lilipochakaa. Tanzania ilimpata Lufufu, aliyetia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za ng'ambo. Kenya inaye DJ Afro, ambaye kwa wengi sinema ya Kichina haina ladha bila yeye. Hao hawatafsiri tu. Wanamtania adui, wanamsifu steringi, wanaleta bei ya unga katikati ya vita vya upanga.

Waendeshaji wa gari wenyewe walijua watu wanakuja kwa lipi. Ndiyo sababu filamu fupi za Charlie Chaplin, nyingi zake za miaka ya 1910, ziliwekwa kwenye orodha pamoja na masomo ya afya na kilimo, sehemu nyingi za Afrika ya Waingereza. Chaplin ndiye aliyewaketisha watu. Somo lilipita humo humo. Baada ya uhuru magari ya Wizara ya Habari yaliendelea kuzunguka Kenya na filamu za habari na maendeleo, na makampuni yakaja na yake, matangazo ya sabuni na dawa ya meno yakitangulia kichekesho. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya watoto wa Kenya walikutana na sinema ya kale, sinema bubu ya kweli ya kabla ya 1920, katika uwanja wa shule, wakati watoto wa Ulaya wa umri wao walikuwa wameshaiacha. Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba Hugo haingekuwa ngeni mbele ya hadhira ya Malindi.

Wapo watakaosema kwamba katika kaunti yenye njaa za mara kwa mara Ganze na Magarini, anayepata projekta na mafuta ya jenereta angefanya vyema kuonyesha filamu ya lishe au chanjo. Siwadharau. Lakini hawaoni kwamba huo ndio ugawaji ule ule wa zamani ukiendelezwa kwa nia njema: mtoto wa mwenye hoteli apewe hadithi, mtoto wa Muyeye, mtaani Malindi, apewe maonyo. Shirika la FilmAid, lililoanza kuonyesha filamu katika kambi ya Kakuma mwaka 2001, limefanya kazi na watu wenye dhiki kubwa kuliko sisi, na pamoja na filamu za afya lilipeleka za kuburudisha pia. Tamasha la Nchi za Majahazi la Zanzibar, tangu 1998, limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe na kuzipeleka vijijini Unguja na Pemba. Hakuna aliyethibitisha kwamba chanjo zilipungua kwa sababu watu walicheka.

Wengine watauliza kwa nini filamu ya Paris, ilhali tunazo zetu. Hilo nalikubali kwa nusu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ni filamu ya familia kuhusu binti mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinachojikusanya kumpigia filamu yake mwenyewe. Ingefaa sana kuonyeshwa usiku mmoja na Hugo, ya kwetu ikitangulia. Ila Hugo ina jambo ambalo pwani hii inalihitaji hasa. Inasimulia jinsi kazi za mtu zinavyopotea. Méliès alitengeneza filamu zipatazo 500, akazichoma nakala zake kuu mwaka 1923 kwa kukata tamaa, na zilizopatikana hazifiki nusu. Katika zile 35 za Vugiri, zinazojulikana kusalia ni 3. Wafaransa walitafuta zao kwa bidii, na Safari ya Mwezini ikapatikana hata yenye rangi. Zetu, pamoja na sura za watu wa Afrika Mashariki wa 1936 walionaswa humo, hazijatafutwa kwa ari ya namna hiyo, na kumbukumbu za wakalimani wa magari ya baadaye zinakwenda na wazee.

Na simu? Kila kijana anaweza kutazama Hugo kiganjani, ikiwa ana bando la kutosha kwa saa mbili, jambo ambalo si la kudhaniwa. Lakini simu haina mkalimani wala jirani wa kubishana naye. Ndiyo maana, kama filamu hii itaonyeshwa Malindi, ingefaa ionyeshwe nzima bila kukatwakatwa, pasiwe na hotuba ya mdhamini katikati, na kipaza sauti apewe mtu anayekijua Kigiriama na Kiswahili cha hapo na ambaye ameitazama filamu kabla. Treni itakapoingia kwenye kitambaa, aachwe aseme atakalo juu ya wale Wafaransa wanaokimbia.